Kusoma historia ya sanaa kwenye chuo chenye majengo ya kale: watu wa Tabora na Kigoma tukutane hapa

Tembe la Udongo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zetu wa HGL na HKL, tahasusi za historia na lugha, wananijaa inboksi na swali moja: historia ya sanaa ni kozi gani, na mtoto wa Tabora anaifuata nini mpaka Kampala? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naliweka hapa. Mnaotaka kujua mshahara tu, vuteni subira, nitafika.

Mimi niliisomea Makerere. Tuwekane sawa mapema: pale historia ya sanaa haisimami peke yake kama shahada, imo ndani ya shahada ya sanaa. Asubuhi uko karakana na udongo mikononi, mchana uko darasani unatazama vyungu vilivyofinyangwa karne nyingi nyuma. Anayekwenda akidhani atasoma tu, ajiandae kuchafuka. Anayekwenda akidhani atachora tu, ajiandae kuandika insha ndefu: nani alilipia kitu hiki, nani alitoa jasho, kwa nini mlango umewekwa huku na si kule.

Raha ya chuo kikongwe ni kwamba mfano wa kwanza wa somo uko nje ya dirisha. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi. Jengo Kuu, lile jeupe lenye mnara juu, ni la 1941, Waingereza wakiwa katikati ya vita kuu. Mwaka wa kwanza kila mtu anapiga picha pale mbele anatuma nyumbani. Mwalimu wetu akatuketisha kwenye nyasi, akatutaka tulitazame kuanzia msingi mpaka mnara, kalamu chini. Halafu akauliza: jengo hili linamwambia nini kijana wa Kiganda anayepanda kilima hiki kwa mara ya kwanza? Wengine wakasema linamkaribisha. Wengine wakasema linamwonyesha nani mwenye nchi. Tulibishana mpaka kipindi cha pili kikaliwa chote.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo lile likaungua, paa na ghorofa za juu zikaenda. Limejengwa upya kwa sura ileile na kufunguliwa Oktoba 2024. Sasa anayesimama pale leo anatazama jengo la 1941 au la 2024? Wapo wanaosema sura ndiyo jengo. Wapo wanaosema jengo ni mawe na mbao zilezile, zikishaondoka umebaki na picha yake tu. Mimi niko na kundi la kwanza, ila kwa sharti moja: kiwekwe kibao kinachosema wazi kipi cha zamani na kipi kipya. Kudanganya watu kwa rangi mpya siwezi kukubali.

Shule ya sanaa yenyewe ina ugomvi wake mtamu. Margaret Trowell alianza kufundisha nyumbani kwake miaka ya 1930, na shule ikaja kubeba jina lake. Msimamo wake ulikuwa mwanafunzi wa Kiafrika asianzie kwa kunakili Ulaya: anasimuliwa kisa, anachora anavyokiona kichwani. Mwaka 1958 akaingia Cecil Todd, akasema hapana, mwanafunzi ana haki ya kuijua sanaa ya dunia nzima, Ulaya ikiwemo. Ndiye aliyeipa historia ya sanaa uzito pale. Ukiuliza nani alikuwa sahihi hupati jibu moja mpaka kesho.

Na Watanzania tumo ndani ya ugomvi huo. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alipita kwa Trowell, akaenda shule ya sanaa ya Slade kule London, akarudi kufundisha, baadaye akawa balozi wetu Uingereza. Picha yake ya 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa New York. Elimo Njau, naye Mchaga wa Makerere, mwaka 1959 alichora kuta za kanisa la Murang'a kule Kenya, Yesu anazaliwa kwenye vilima vya Wakikuyu. Watu wanashangilia wachoraji wa nje huku hao hawawajui kabisa.

Mgebuka Mkavu

Mleta mada umeandika vizuri, nimesoma yote. Lakini mimi ni mtu wa Kigoma, kwetu mtoto akitaka kwenda chuo watu wanachanga ukoo mzima. Huyo anayechangiwa akirudi na cheti cha kutazama majengo, ukoo unakula nini? Tuache porojo.

Tembe la Udongo

Mkuu swali lako ni halali, sitalizunguka. Hujawahi kuona tangazo la kazi limeandikwa "anahitajika mwanahistoria wa sanaa" na sidhani utaliona karibuni. Niliosoma nao wako makumbusho, wako kwenye utalii, wengine wanafundisha, wengine wako na wasanifu majengo kwenye kazi za ukarabati, na mmoja anauza vinyago kwa watalii na anatuzidi wote kipato. Mimi nafundisha sekondari hapa Tabora, jioni naandikia watu maelezo ya maonesho. Kama ukoo unahitaji mshahara ndani ya mwaka mmoja, mpelekeni uuguzi, nasema kwa moyo mweupe. Na msimpeleke Kampala mkitegemea boom, yaani posho ya bodi ya mikopo. Hesabu fedha ya familia kwanza: ada, chumba, na vifaa. Vifaa ndivyo vinavyoua, rangi za mafuta hazina huruma.

Ila "cheti cha kutazama majengo" sikuachii kirahisi. Twende stesheni ya Tabora. Reli ya kati ilifika hapa 1912, ikafika kwenu Kigoma Februari 1914. Mnapita stesheni kila siku mnaona ukuta na paa. Tazama lile paa lilivyo na mteremko mkali na mapembe yake. Paa la namna hiyo limezaliwa kwenye nchi zenye theluji, ili theluji iteleze isilivunje. Tabora theluji itatoka wapi? Aliyelichora alitaka abiria akishuka ajue yuko chini ya nani. Hiyo ni siasa imeandikwa kwa vigae.

Halafu panda bodaboda mpaka Kwihara, kilomita kama sita. Lile tembe alilokaa Livingstone 1872, baada ya Stanley kuondoka, linatajwa kujengwa 1857. Kuta nene za udongo, paa la bapa, vyumba vimezunguka ua, baraza mbele. Ingia saa saba mchana jua likiwa kali uone ndani palivyo na ubaridi. Kila kitu pale kimetatua shida ya hapa hapa: joto, wezi, mizigo, wageni wengi. Lakini mlango ni wa nakshi za pwani! Mwenye nyumba alitaka ukuta wa bara na uso wa Unguja. Alikuwa anawaambia wafanyabiashara wenzake kwamba hata huku ndani bado ni mtu wa pwani. Lile nalo limefanyiwa ukarabati mkubwa karne iliyopita, kwa hiyo swali la Jengo Kuu la Makerere unalo hapa hapa, nauli ya buku mbili.

Tena kisheria majengo haya mawili hayalingani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Tembe limo. Stesheni ya Mjerumani haimo mpaka litolewe tangazo mahsusi. SGR, reli mpya ya kisasa, inakuja, stesheni mpya zinajengwa, na siku za zile za zamani zitajadiliwa na watu mezani. Mnataka pale mezani akae nani? Mhandisi peke yake?

Behewa la Tatu

Hapo kwenye stesheni umenigusa. Ya Kigoma mimi naipenda kuliko ya Tabora, samahanini. Yale matao yake, ukiwa unatoka mjini kuteremka kuelekea ziwani, ndiyo unaona mtu alikusudia kumaliza safari ya kilomita elfu moja mia mbili na hamsini kwa kishindo. Na ile Liemba mnaisahau? Ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku mpaka Kigoma, ikaungwa tena kwa ribiti, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba. Hiyo nayo ni sanaa au ni chuma tu?

Halafu swali: wazee wa Kigoma wanasema kuna handaki kutoka nyumba ya Kaiser, yule mfalme wa Wajerumani, mpaka stesheni. Historia ya sanaa inaweza kusema kama ni kweli?

Tembe la Udongo

Inaweza kukufundisha namna ya kuuliza. Unatafuta michoro ya awali ya jengo. Unapima urefu wa vyumba ndani, unalinganisha na kipimo cha nje, ukikuta mita mbili zimepotea ndipo unasisimka. Unatazama mteremko wa ardhi, maana handaki linahitaji pa kutolea maji. Hadithi ya wazee nayo unaiandika vilevile, na ya wazee wengine, uone zinaachana wapi. Mpaka hapo hujasema ndiyo wala hapana. Kuhusu Liemba, kwangu ni sanaa na chuma, na wale waliobeba yale masanduku ni sehemu ya historia yake, ingawa majina yao hayamo kwenye michoro ya kiwandani.

Mlimani Mstaafu

Vijana, shikamooni mnikubalie nichangie, ingawa umri unanipa haki ya kuamkiwa. Mleta mada ana kasoro moja: anazungumza kana kwamba chuo chenye historia lazima kiwe cha mkoloni na kiwe nje ya nchi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikahamia Mlimani 1964, kikajitegemea 1970. Ukumbi wa Nkrumah umekaa mfukoni mwenu miaka na miaka, nyuma ya noti ya shilingi mia tano, kabla sarafu haijachukua nafasi yake. Mmeukunja, mmeulipia nauli ya daladala, hamjauangalia!

Yale ni majengo ya nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajitawala. Saruji, kivuli, upepo, majengo yamefuata mteremko wa kilima badala ya kuusawazisha. Mtu akitaka kujua uhuru ulifikiriwa kuwa na sura gani mwaka 1964, aende pale. Na sanaa inafundishwa: tangu 1975 uchoraji, muziki na maigizo viliwekwa idara moja. Profesa Elias Jengo, naye aliyepita Makerere, alifundisha pale. Upande wa pili kuna akiolojia na urithi, kozi ambayo kwa mtoto wa Ujiji au Kwihara mimi naiona bora kuliko zote mlizotaja.

Tembe la Udongo

Shikamoo mzee. Hoja ya akiolojia nimeipokea, wala sibishi. Ya Mlimani nakubali kwa sehemu: anayetegemea bodi aende Mlimani bila kujiuliza mara mbili. Ila wachoraji wale waliujenga msimamo wao Makerere, na mwanafunzi anayetaka kuona ugomvi wa Trowell na Todd ukutani, kwa rangi, itabidi apande basi. Kuna ukumbi wa maonesho pale tangu 1969.

Mlimani Mstaafu

Marahaba. Apande, lakini apitie kwanza nyumbani.

Asali ya Nyuki Wadogo

Kaka mimi ndio nimemaliza six hapa Tabora, HKL. Nauliza tu, kwenye hizo kozi wanafundisha sanaa yetu Wanyamwezi? Maana shuleni sanaa ya Tanzania ni Wamakonde na Tingatinga, basi. Sisi tunatajwa kwenye kubeba mizigo tu.

Tembe la Udongo

Dogo, umeuliza swali ambalo lingenifanya nifungue uzi mwingine. Kwa miaka mingi vitabu vya Ulaya viliandika kwamba uchongaji wa maana uko Afrika Magharibi na Kongo, huku mashariki hakuna kitu. Mwaka 1994 yakafanyika maonesho makubwa ya vinyago vya Tanzania, Berlin na Munich, na vingi vya vilivyowekwa vilikuwa vimekaa kwenye makabati yao tangu enzi ya ukoloni. Watu wakashika vichwa. Kumbe vilikuwepo, ni kwamba vilikuwa stoo.

Kuna kiti cha mtemi wa Kinyamwezi kiko Berlin, kilichukuliwa mwishoni mwa karne ya 19. Kitafute picha yake ukitazame taratibu kama tulivyotazamishwa Jengo Kuu. Ni kigoda, lakini nyuma kimeinuliwa egemeo refu kupita kiasi cha mgongo wa mtu, na kwenye egemeo limechongwa umbo la mtu, jembamba, mikono mirefu, halina manyama nyama. Mtemi akikaa, lile umbo linakuwa nyuma yake. Anayemjia mbele anaona watu wawili, mmoja hai na mmoja wa mti. Kama yule wa mti ni babu yake, mlinzi wake, au cheo chenyewe, wataalamu wanavutana. Fundi alifikiri sana yule. Kazi yake imenyooka, kila mkato una sababu.

Sasa njoo kwenye kadi ya maelezo. Vitu vingi vya namna hii vimeandikwa jina la ofisa aliyevichukua, tarehe, na kabila. Aliyechonga: hakuna. Na kumbuka vilichukuliwa lini. Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa hapa Tabora, alijilipua na baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipomwingilia. Miaka iliyofuata ndiyo vitu vya watemi vilianza kusafiri kwenda Ulaya kwa wingi. Kingine walipewa zawadi, kingine walinunua, kingine huhitaji kuuliza. Kazi ya kutafuta kipi kilitoka kwa nani kwa njia gani inafanywa sasa, na inahitaji mtu anayesoma Kijerumani na anayejua Kinyamwezi. Wa kwanza wapo tele. Wa pili ni wewe na bibi yako.

Mgebuka Mkavu

Hapo sasa umeongea. Kumbe kuna kazi, ila ungeanza na hilo badala ya nyasi za Makerere.

Mama wa Mwanga

Habari zenu wanangu. Niko Kigoma, Mwanga. Binti yangu anasoma huu uzi tangu jana, hanisaidii hata kuosha vyombo. Anataka hiyo kozi, baba yake hataki kusikia. Mimi niko katikati. Kabla hatujauza chochote, nitajuaje kama anaitaka kweli au ni upepo wa marafiki?

Tembe la Udongo

Shikamoo mama. Usiuze kitu kwanza. Mpe kazi: apande daladala mpaka Ujiji, achague mlango mmoja wa nakshi kwenye nyumba ya zamani, aombe ruhusa kwa wenyewe. Apime kwa rula, achore kwa mkono, picha ya simu iwe ya kumkumbusha tu. Aandike kila nakshi: kama kuna mnyororo, samaki, ua. Watamwambia mnyororo maana yake utumwa, mwingine atamwambia ni ulinzi wa nyumba. Asiamini haraka, aandike zote mbili na jina la aliyesema. Ahesabu mikono ya mafundi, maana mara nyingi mlango na fremu havikuchongwa na mtu mmoja. Akiipenda kazi hiyo siku ya tatu, jua likiwa kali na hakuna anayempongeza, mzungumzeni na baba. Akirudi siku ya kwanza amechoka, mmeokoa fedha.

Na aombe Mlimani na Makerere vyote viwili, asiweke mayai kikapu kimoja. Njia ya Kampala kwenu ni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, Mutukula. Mchoshe mapema kwa maelezo, safari itamalizia.

Mama wa Mwanga

Marahaba mwanangu. Basi nikupe majibu. Amekwenda siku zote hizo, ana daftari limejaa. Jana jioni karudi analia. Mwenye nyumba kamwambia ana mteja kutoka nje anautaka ule mlango na fremu yake, wanakuja kuung'oa mwisho wa wiki, na akitaka autazame aharakishe. Baba yake ndiye aliyekasirika kuliko wote, anasema mlango ule aliukuta tangu mtoto. Tufanyeje?

Mlimani Mstaafu

Mama, mlango una umri gani?

Mama wa Mwanga

Mwenye nyumba anasema babu yake aliuweka kabla ya vita ya Hitler.

Mlimani Mstaafu

Basi ubishi umekwisha. Ile sheria ya 1964 aliyoitaja mleta mada ina kipengele cha milango peke yake: mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa hapa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa. Hauuzwi kiholela na hauvuki mpaka bila kibali. Kesho asubuhi nendeni na daftari la binti kwa watu wa Mambo ya Kale, anzieni hapo Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Msiende kwa shari kwa mwenye nyumba, huenda naye hajui, na shida ya fedha anayo kweli.

Tembe la Udongo

Na daftari asiliache pale ofisini. Watoe nakala.

Mama wa Mwanga

Baba yake anasema anakwenda naye mwenyewe. Ameshatafuta na fotokopi.